Karatasi za Livingstone: vitabu, barua na ushuhuda wa Nyangwe



Jina la David Livingstone tunalisikia tangu shule ya Jumapili. Tunamjua kama mmisionari na daktari aliyetembea sana, na wengi wanakumbuka jinsi Stanley alivyomkuta Ujiji. Leo ningependa tumwangalie kwa upande ambao hatuuzungumzii mara nyingi, upande wa karatasi zake. Mtu huyu alisoma na kuandika maisha yake yote, hata wakati alipokosa dawa, viatu na chakula. Alichunguza wadudu, miti, mawe na mito, na aliwaandikia wataalamu wa Ulaya yale aliyoyaona. Tena, sehemu kubwa ya karatasi zake za mwisho iliandikwa katika nchi yetu au mpakani mwake: kwenye ziwa Mweru, mto Luapula, Kabambare, na Nyangwe kando ya Lualaba. Ndugu wa Maniema, Tanganyika na Haut-Katanga wanaposoma habari zake wanasoma historia ya nyumbani kwao.

Kitabu juu ya mashine

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia maskini. Baba yake, Neil, aliuza majani ya chai. Alipofika miaka 10 David aliingizwa katika kiwanda cha pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kumalizika saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa juma la kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mashine ya kusokota nyuzi, na kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja, kisha nyingine, huku mashine zikinguruma pande zote. Kazi ilipokwisha alikwenda shule ya usiku hadi saa nne, halafu akasoma nyumbani mpaka mama yake alipomnyang'anya vitabu ili akalale.

Baba yake alikuwa Mkristo mwaminifu, lakini aliogopa vitabu vya sayansi. Aliona vinapingana na imani, na alitaka kijana asome vitabu vya dini tu. David alikataa, na ilifika siku alipochapwa fimbo kwa ajili ya kukataa huko. Alipenda kuokota mimea ya dawa na kuchunguza makombe ya baharini yaliyogeuka mawe ndani ya machimbo ya chokaa. Baadaye alikutana na vitabu vya Thomas Dick, Mskoti aliyependa elimu ya nyota, ambaye alifundisha kwamba Mungu wa Biblia ndiye Mungu wa nyota na mimea, na anayechunguza kazi zake hamkosei heshima. Vitabu hivyo vilimpa kijana amani. Tangu hapo hakuona tena sababu ya kuchagua kati ya Biblia na kitabu cha mimea.

Mwaka 1836 alianza masomo ya udaktari Glasgow, na mwaka 1838 shirika la misioni la London lilimpokea. Alipokuwa London alisikiliza pia mafundisho ya Richard Owen, bingwa wa elimu ya miili ya wanyama. Mwezi Desemba 1840 alipanda meli kuja Afrika ya Kusini.

Maktaba iliyochanwa

Katika nchi ambayo leo ni Botswana alijenga nyumba Kolobeng pamoja na mke wake Mary Moffat, binti wa mmisionari Robert Moffat. Hapo chifu Sechele alijifunza kusoma kwa haraka ya ajabu, akampenda sana nabii Isaya, na mwaka 1848 akabatizwa. Livingstone alipoondoka, Sechele mwenyewe aliendelea kuwafundisha watu wake Neno. Huyu ni mmoja wa matunda makubwa ya kazi ya Livingstone, na yalizaliwa kutoka kwa watu wawili waliosoma pamoja kitabu kimoja.

Mwaka 1852 Makaburu walishambulia eneo hilo, wakaipora nyumba ya Kolobeng wakati yeye hayupo. Vitabu vyake, ambavyo vilikuwa wenzake wa upweke kwa miaka mingi, havikuibiwa. Kurasa zilichanwa na kutawanywa chini. Baada ya hapo alijifunza kubeba vitabu vichache na kuisoma nchi yenyewe. Aliandika juu ya mbung'o kwa uangalifu: umbo lake, mahali anapokaa, jinsi anavyoua ng'ombe na farasi na kumwacha punda. Mwaka 1858 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha barua yake kuhusu kujaribu dawa ya arseniki kwa mnyama aliyeumwa na mdudu huyo. Vipimo vyake vya nyota alivipeleka kwa Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota kule Cape Town, ambaye alivihakiki na kumrudishia majibu. Ndivyo alivyofanya kazi: anaona, anapima, anaandika, kisha anamtumia mtu anayeweza kumwambia kama amekosea.

Meli iliyozama na kazi iliyorudiwa

Mwezi Mei 1854, baada ya safari ndefu pamoja na watu wa Makololo, alifika Luanda akiwa mgonjwa sana. Meli ya Waingereza ilikuwa tayari kumchukua nyumbani. Alikataa, kwa sababu aliwaahidi wale Makololo kwamba atawarudisha kwao. Alichotuma ni barua, ramani na taarifa za safari, akazipakia katika meli ya posta iitwayo Forerunner. Alipokuwa akirudi ndani ya Angola, mahali paitwapo Pungo Andongo, alipata habari kwamba meli imezama karibu na kisiwa cha Madeira. Karatasi zote zimekwenda chini ya bahari, na kama angekuwa ndani yake, labda naye angekwenda nazo.

Alifanya nini? Aliketi Pungo Andongo, akaandika tena ramani na taarifa na barua, moja baada ya nyingine. Mnakumbuka Yeremia sura ya 36: mfalme Yehoyakimu aliyakata maneno ya nabii vipande vipande na kuyatupa motoni, na Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaandika upya. Mungu hakutuma gombo la pili kutoka mbinguni. Mtu wa mkono na wino ilibidi akae chini tena.

Bei ya nyumbani

Hatuwezi kusimulia barua hizi bila kusema nani alizilipia. Watoto wa Livingstone walimjua baba yao zaidi kwa mwandiko kuliko kwa uso. Binti yake wa mwisho, Anna Mary, alizaliwa mwaka 1858, na baba alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1864. Mwaka huohuo kijana wake Robert alikufa katika vita vya Marekani, mbali na wote. Mary, mke wake, aliteseka miaka mingi bila makao ya kudumu, na alikufa Shupanga kando ya Zambezi tarehe 27 Aprili 1862. Barua nzuri ni baraka, lakini haimbebi mtoto mgongoni. Sisi wachungaji tunaosafiri sana kwa ajili ya kazi ya Bwana tusiruke ukurasa huu.

Karatasi katika nchi yetu

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho kutoka Zanzibar, akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa na wabebaji waliotoroka, na aliona kama amehukumiwa kufa. Aliendelea. Novemba 1867 alifika ziwa Mweru na mji wa Kazembe. Huko alisikia habari za machimbo ya shaba ya Katanga, na aliona shaba yetu ikipita mikononi mwa wafanyabiashara. Julai 1868 alifika ziwa Bangweulu. Machi 1869 alifika Ujiji akiwa mgonjwa, akakuta mali yake iliyotumwa kutoka pwani imeporwa.

Hapo Ujiji aliandika barua yapata 40. Lakini wenye biashara ya watumwa walijua yeye ni mtu wa kuandika anachokiona, na hawakutaka barua zake zifike pwani. Karibu zote zilipotea. Fikirini hali hiyo: ni mgonjwa, hana jibu kutoka kwa watoto, hajui kama kuna mtu duniani anayesoma maneno yake. Kule Ulaya wengi walidhani amekwisha kufa.

Kisha akavuka ziwa Tanganyika, akaingia Maniema. Sehemu kubwa ya mwaka 1870 alikaa Kabambare, ambako yeye aliandika jina hilo kama Bambarre, kwa sababu vidonda vya miguu havikumruhusu kutembea. Katika miaka hiyo ya Maniema aliisoma Biblia yote mara nne, tangu Mwanzo hadi Ufunuo. Alikuwa na muda, na hakuwa na kitabu kingine kilichomtosha.

Soko la Nyangwe

Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Karatasi za kuandikia zilikuwa zimekwisha, na wino pia. Alichukua gazeti la zamani la London, akaligeuza, akaandika kwa kukata mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutoka kwa mmea. Alipenda kwenda sokoni. Soko la Nyangwe lilikusanya watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, kuku, chumvi, mihogo na vyungu. Aliwatazama wakicheka na kubishana bei, na aliyaandika hayo pia.

Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku, kisha wakapiga risasi katikati ya umati. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengi wakazama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola yake, akazuiwa. Alichoweza kufanya ni kuwakinga wachache chini ya bendera yake, na kuandika. Aliandika siku, mahali, jina la mkubwa wa wale wauaji, hesabu aliyoisikia, na vijiji alivyoviona vikiwaka moto ng'ambo ya mto.

Baada ya hapo hakuweza kukaa na watu hao tena. Alirudi Ujiji, safari ngumu, akifika mwezi Oktoba akiwa amedhoofika kabisa.

Barua iliyofika

Majuma machache baadaye Henry Morton Stanley alifika Ujiji. Alileta chakula na dawa, na pia mfuko wa barua ambao ulikuwa umetoka pwani mwaka mmoja kabla. Stanley alieleza kwamba mzee aliuweka mfuko magotini, akasoma barua moja au mbili za watoto wake, kisha akaomba kwanza habari za dunia, kwa sababu amekwisha kungoja barua miaka mingi na anaweza kungoja saa chache zaidi. Machi 1872 Stanley aliporudi pwani alibeba daftari la Livingstone limefungwa kwa lakiri, la kumpa binti yake Agnes, pamoja na barua zake.

Safari hii hazikupotea. Habari za Nyangwe zilisomwa Uingereza mwaka 1872. Wengine walikuwa wamepigania jambo hilo kwa miaka, lakini sasa kulikuwa na tarehe, mahali, na shahidi. Serikali ya Uingereza ilimtuma Bartle Frere Zanzibar, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Balozi aliyeimaliza kazi hiyo alikuwa John Kirk, ambaye zamani alikuwa mtaalamu wa mimea katika msafara wa Livingstone wa Zambezi. Livingstone hakujua. Alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla.

Kitabu kilichompoteza

Tusimfanye malaika. Msomaji huyu alikuwa na kitabu kimoja alichokiamini kupita kiasi. Herodoto, mwandishi wa kale wa Wagiriki, alieleza kwamba Nile inatoka kwenye chemchemi kati ya vilima viwili. Livingstone aliunganisha maneno hayo na habari alizosikia kwa wasafiri, akaamini kwamba Lualaba ni Nile. Mashaka yalimjia kwamba huenda mto huu ni Kongo, lakini moyo haukukubali. Katika mpango wake wa mwisho alitaka kuzunguka kusini mwa Bangweulu, kuziona chemchemi, halafu kuja Katanga kwenye machimbo ya shaba. Chemchemi hizo hazikuwepo. Miaka michache baadaye Stanley aliufuata mto kutoka Nyangwe hadi bahari ya magharibi, na kila mtu akajua Lualaba ni Kongo. Mtu aliyempelekea Maclear kila kipimo ahakikiwe, katika jambo hili alimwamini Mgiriki aliyekufa zaidi ya miaka elfu mbili.

Kuna jingine. Wino wa Nyangwe ulififia hata usionekane. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani na Uingereza walipiga picha zile kurasa za gazeti kwa mianga maalumu, na maneno yakaonekana tena. Baadhi yao, walipolinganisha na maandishi aliyoyanakili baadaye, waliona kwamba mambo fulani juu ya mwenendo mbaya wa watu wa msafara wake mwenyewe yalipunguzwa makali. Ni rahisi kuandika dhambi ya Dugumbe. Dhambi ya wale wanaokula kwenye sufuria yetu inatutetemesha mkono.

Waliozibeba

Mwandiko wake wa mwisho ni wa tarehe 27 Aprili 1873. Siku chache baadaye, katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, si mbali na mpaka wa Haut-Katanga, wenzake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Wangeweza kumzika na kurudi kwao. Badala yake Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko India, akasoma ibada ya maziko na kuorodhesha vitu vilivyomo katika masanduku. Kisha wakaubeba mwili na karatasi kwa miezi mingi, zaidi ya kilomita 1500. Njiani, Tabora, Wazungu waliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Susi na Chuma walikwenda Uingereza kumsaidia Horace Waller kutayarisha maandishi yale ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka huohuo. Bila Waafrika hao tusingekuwa na kitabu hicho.

Nasi je?

Katanga aliyoitaka hakuifikia. Februari 1886 Frederick Stanley Arnot, ambaye akiwa mtoto huko Hamilton alicheza na watoto wa Livingstone, alifika Bunkeya kwa mfalme M'siri, na kazi ya Injili ya Garenganze ikaanza. Lakini ramani na habari za shaba zilisomwa pia na wengine. Tarehe 20 Desemba 1891 M'siri aliuawa kwa risasi na watu waliotumwa kuichukua nchi kwa ajili ya mfalme Leopold. Karatasi ikishatoka mkononi, mwandishi hachagui msomaji. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kwamba sisi wenyewe tuandike habari zetu, tusiwaachie wageni kazi hiyo.

Wapendwa wa mashariki, ninyi mnajua Nyangwe ni nini. Kuna vijiji ambavyo watu waliuawa sokoni, shambani, hata kanisani, na baada ya miaka michache hakuna anayeweza kusema walikuwa wangapi na waliitwa nani. Tunalia, tunazika, tunaomba, na hayo ni haki. Lakini ni parokia ngapi zina daftari lenye tarehe, mahali, na majina ya waliokufa? Tunaandika ubatizo, ndoa na sadaka. Tuandike na hawa. Haihitaji kompyuta. Inahitaji katibu mwaminifu, daftari, na nakala ya pili inayowekwa mahali pengine, kwa sababu Forerunner huzama. Inahitaji pia busara, kwa kuwa jina la shahidi aliye hai linaweza kumhatarisha. Hilo mchungaji na wazee walilinde. Na aandikaye asiandike makosa ya upande mmoja tu.

Huenda daftari hilo litakaa sandukuni miaka mingi bila mtu kuliuliza. Livingstone aliandika barua yapata 40 Ujiji na hakuna aliyejibu. Aliandika tena Nyangwe, juu ya gazeti. Mtume Paulo naye, akiwa gerezani na baridi inakuja, alimwomba Timotheo amletee joho, na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu, na awatie nguvu makatibu wa makanisa yetu. Amina.